Seti ya kete za Lewis ya resini: igeuze kwanza uone mgongo

Nakala za kete za sataranji za kisiwa cha Lewis, Uskochi, huuzwa kwa seti ya kete 32. Tuliyoikagua ni ya resini (aina ya plastiki ngumu), upande mmoja rangi ya maziwa, wa pili mwekundu. Wekundu huo una msingi: baadhi ya kete za asili zilipopatikana mwaka 1831 zilikuwa na madoa mekundu.

Usiridhike na sura, maana hata nakala hafifu huwa na sura nzuri. Mgeuze mfalme. Mgongoni nywele zimesukwa, na kiti chake kimejaa majani yaliyofumana. Kalibu ikichakaa, nakshi hizo ndizo hufifia mwanzo. Katika seti hii mfalme na malkia, aliyejishika shavu kwa mkono wa kulia, wametoka vizuri sana. Viti vya maaskofu vimekuwa bapa, na hiyo ni hasara kubwa. Mstari wa maungio ubavuni unaondoka kwa msasa namba 600 uliolowa maji, ila usiupitishe usoni.

Mahali pa ngome anasimama mlinzi mwenye upanga na ngao. Kati ya walinzi wa asili, wanne wanaing'ata ngao kwa ghadhabu ya vita, kama mashujaa wa hadithi za Wanorwe. Seti isiyo na hata mmoja wa hao usiinunue.

Asili zake huenda zilichongwa Trondheim, Norwe, kati ya 1150 na 1200, wakati Lewis ikiwa chini ya mfalme wa Norwe. Nyingi ni za pembe za walarasi, mnyama wa bahari ya kaskazini. Pembe yake ni nyembamba na kiini chake kina mabakabaka, ndiyo maana kete ni fupi na zimejikunyata. Huku kwetu, karne ya 10, msafiri na mwanahistoria Mwarabu al-Masudi aliandika kwamba pembe za ndovu za nchi ya Zanj, yaani pwani ya Afrika Mashariki, zilipitia Oman hadi India, na huko zikachongwa kete za sataranji. Mchezo ni uleule, lakini ulipofika Ulaya waziri akawa malkia, na ndovu akawa askofu mwenye kofia ya ibada.

Kwa kuchezea, shida ni vitunda, zile kete ndogo za mstari wa mbele. Vimeigwa vile vya asili, kama vijiwe vya kaburi, ila resini ni nyepesi mno na vinaanguka ukivigusa. Gundisha washa (kipete bapa cha chuma) chini ya kila kimoja, kisha funika kwa kitambaa cha sufi. Vitako vya kete kubwa vina upana wa sentimita 4.5, kwa hiyo tafuta ubao wenye vyumba vya sentimita 6, yaani sentimita 48 kila upande bila fremu. Kwenye vyumba vya 5, ngao na pua za farasi zinagongana, na ncha za panga hazichelewi kukatika.