TAHADHARI: Mbegu za nyanya "za nyumbani" za yule jamaa wa mnadani ni mbegu mfu

Jamani, msinunue kwa yule jamaa wa meza ya bluu. Yule yule, mnamjua. Pakiti shilingi 5,000, juu kaandika kwa kalamu: "Tengeru 97, asili, imekaushwa nyumbani", yaani ile aina ya nyanya ya Tengeru 97. Zimesiwa mbegu 100, hadi siku ya 14 zimeota 9. Nyanya yenye afya huota siku ya 5 hadi ya 10, kwa hiyo hakuna cha kungojea tena.

Alivyotunasa ni hivi. Kajaza glasi maji, kamwagia mbegu kijiko kimoja, kakoroga kwa njiti ya kiberiti. Zote zikazama. "Mama, si unajionea mwenyewe? Pepe, mbegu tupu, haizami!" Hapo hela ikatoka, na hapo ndipo aibu inapochoma, maana sisi tunaokausha mbegu zetu tunaliamini jaribio hilo. Ukikamua nyanya iliyoiva sana, ukaiacha mbegu na ute wake chomboni siku mbili tatu mpaka utando utande juu, ukija kuosha pepe zinaelea na zilizojaa zinabaki chini. Ni kweli tupu. Lakini maji yanapima ujazo, hayapimi uhai. Mbegu iliyoungua nayo inazama vizuri tu. Tena mbegu kavu ya nyanya ina vinyweleo vinavyoshika hewa, hata iliyo nzima inaweza kuelea mwanzoni! Tunayajua yote hayo, na bado tukalipa.

Mbegu zake ukizipasua kwa wembe, kiini ni cha kahawia badala ya cheupe. Huyu alizianika juu ya bati, tena mbichi. Mbegu yenye maji ikipata joto kali inaanza kufa, na bati la saa saba mchana halishikiki hata kwa mkono. Mbegu hutandazwa nyembamba kwenye sahani au chandarua, kivulini penye upepo, ukigeuza mara mbili kwa siku, wiki nzima. Kwenye gazeti zinaganda. Zikikauka ndipo ziingie chupa ya kioo yenye mkaa mkavu au majivu, mfuniko umekazwa. Yeye kazifunga kwenye nailoni zikiwa na unyevu, ndiyo maana ndani ya pakiti palikuwa na mvuke. Tuliuona ule mvuke! Tukadhani ni joto la mnadani.

Na hizo 9? Zimezaa, moja mviringo, moja ndefu, moja ina mabega ya kijani. Tengeru 97 si chotara, ukitunza mbegu yake inarudi ile ile. Hii ni ya chotara F1 ya sokoni, yaani kizazi cha kwanza cha aina mbili zilizochanganywa, na mbegu yake ikipandwa huzaa mchanganyiko; kaokota zilizooza akakamua.

Dalili nyingine: hana tarehe ya kuvuna, na ukiomba mbegu 10 ukazijaribu kwenye kitambaa chenye maji anakuwa mkali. Basi.

Huyu asiachwe hivi hivi. Sheria ya Mbegu ya 2003 ipo, TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, wapo, wamnyang'anye meza, mizani na pakiti zote, arudishe hela mbele ya watu na apige magoti. Msimu mzima wa kitalu umekwenda! Waliobakiza pakiti msizitupe, ndizo ushahidi. Jumamosi mnada unarudi, atakayemwona wa kwanza apige simu kabla hajakunja meza.