Kusahihisha Kihisi cha Mafuta cha Gari la Mashindano: Kwa Lita au kwa Mizani?

Mafundi wa magari ya mbio jijini Dar es Salaam huulizana kama kihisi cha kiwango cha mafuta kisahihishwe (yaani usomaji wake ulinganishwe na mafuta yaliyomo tangini) kwa kumimina petroli kutoka chombo chenye alama za lita, au kwa kupima uzito wa petroli inayoingia tangini. Kwa gharama, chombo hushinda bila ubishi. Kwa usahihi mizani huongoza, kwa sababu petroli hutanuka kwa takribani asilimia 0.1 kwa kila nyuzijoto 1 ya Selsiasi, hivyo lita 50 zilizopimwa alfajiri huongezeka kwa karibu nusu lita joto likipanda nyuzi 10, ilhali uzito wake haubadiliki. Hata hivyo, mizani hudai sakafu iliyo sawa, nayo yenyewe haina budi kukaguliwa mara kwa mara. Kwa njia yoyote ile, volti zinazotolewa na kihisi ziandikwe kila baada ya lita chache, kwa kuwa tangi lenye umbo la pembepembe halitoi mstari ulionyooka kati ya volti na lita (kusoma likiwa tupu na likiwa limejaa tu ni kujidanganya). Anayeshiriki rali huku akibeba akiba ya kutosha, chombo kinamfaa. Timu inayokokotoa mafuta hadi mzunguko wa mwisho ili gari liwe jepesi, inunue mizani.