Pakiti ya kutolea nyuzi za kidonda: nimeitumia, haya maoni yangu

Huku Kampala watu wanauliza sana kama zile pakiti za kutolea nyuzi zinazouzwa famasi zinafaa ama ni kutupa pesa, basi sisi tumeitumia kwa mguu wa mdogo wangu, yeye ni mtu wa boda na alichanika ugokoni, nitawaambia vile niliona. Tulinunua famasi moja pale Wandegeya, elfu nane. Maduka ya dawa ya mtaani mengi hayana, ukiuliza wanakupa wembe wa kunyolea, na huo jamani msikubali, hauna usafi wa kugusa kidonda na makali yake yako pande zote mbili.

Ndani kuna kiwembe kidogo kilichopinda kama mundu, kibano cha plastiki na vipande vya gozi, kile kitambaa chepesi cha kufunikia kidonda, basi. Vimeshauliwa vijidudu huko kiwandani, kwa hiyo kabla hujalipa angalia pakiti haijatoboka wala kulowa, soma na tarehe ya kuisha. Ni ya kutumia mara moja tu, mambo ya kuchemsha umpe na jirani hapana.

Kiwembe nakisifu kabisa. Makali yako upande wa ndani wa ile pinde, mgongo wake ni butu na ndio unaegemea ngozi, yaani kinaingia chini ya uzi bila kumchoma mtu. Kibano ndio shida. Plastiki inajikunja, na fundo la naironi ni dogo halafu linateleza, musawo, yaani mhudumu wa afya, alijaribu kidogo akakiweka kando akatoa chake cha chuma. Maelekezo nayo ni Kiingereza cha herufi ndogo mno, mtu wa hapa mtaa wa Nsambya aliyetoka Bukavu kule Kongo mwaka jana atasoma saa ngapi?

Na ndiyo, alitoa musawo, hatukutoa wenyewe. Ni mama mmoja jirani yetu, nesi mstaafu, mimi kazi yangu ilikuwa kushika tochi ya simu. Alinawa kwa sabuni, akavaa glavu, akalowesha yale magamba makavu kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa mpaka yakalainika, ndio akashika fundo la kwanza akalivuta juu kidogo, ukaona kale kauzi kasafi kalikokuwa chini ya ngozi kamechungulia, akakata hapohapo karibu kabisa na ngozi, upande mmoja tu. "Uzi uliokuwa nje umeshika vumbi, mwanangu, usiupitishe ndani," akaniambia, akavuta kuelekea kwenye kidonda chenyewe ili kingo zisitanuke. Halafu hakutoa zote mfululizo, aliruka mmoja mmoja kwanza, akaangalia kama mahali panaachia, alipoona pameshika ndio akarudi kumaliza zilizobaki. Mwisho akazihesabu zote kwenye gozi.

Sasa kuhesabu ndio kulitusumbua, kwa sababu kliniki iliyomshona usiku ule haikuandika kitu kwenye daftari lake, si idadi ya nyuzi, si aina ya uzi, si siku ya kurudi. Limeandikwa jina na dawa za maumivu tu! Inaniuma sana hii, mtu analipa, anatoka na mguu umefungwa vizuri halafu hajui arudi lini, anaanza kuulizia kwa wenzake wa stejini na kila mmoja ana jibu lake. Usitoke mlangoni kabla hawajakuandikia. Uliza pia kama ni uzi unaoyeyuka, maana huo mara nyingi hautolewi, unaisha wenyewe.

Siku zenyewe zinategemea mahali. Usoni nyuzi hutoka mapema, siku ya 3 mpaka ya 5, kwa sababu damu ni nyingi na panapona haraka, na zikikaa sana zinaacha alama kama ngazi. Kichwani na mikononi ni kati ya 7 na 10. Miguu, viganja na nyayo 10 mpaka 14, na juu ya goti au kiwiko watu wengi husubiri zifike 14 kwa vile panakunjwa kila wakati. Ila siku peke yake haitoshi, lazima kingo ziwe zimeshikana, pakavu, hapatoi maji.

Kabla ya kufika huko kidonda kinataka matunzo ya kawaida tu na watu hawaamini. Siku 2 za kwanza kisiguswe na maji. Baada ya hapo osha taratibu kwa maji safi na sabuni, kausha kwa kugonga na kitambaa safi bila kusugua, weka gozi mpya, ikilowa badilisha. Kama ni mguu uinue ukikaa. Spiriti na ile dawa inayotoa povu usimwagie kila siku, zinaunguza nyama mpya. Kolgeti, majivu, unga wa kapsuli, hapana kabisa, huo unga wa kapsuli nauona sana kwa vijana wa boda na unaganda juu huku chini panaoza. Na kama hukumbuki lini ulichomwa sindano ya pepopunda, uliza siku hiyohiyo ya kushonwa.

Halafu kuna hili la kwetu sisi watu weusi: ili ujue kama kidonda kimeingia vijidudu wanakwambia uangalie wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usionekane. Weka mgongo wa mkono usikie kama pana joto kuliko upande wa pili, angalia kama pamevimba na kung'aa, kama maumivu yanazidi badala ya kupungua. Usaha, harufu, homa, au kidonda kimefunguka, hapo pakiti iache hukohuko kwenye droo uende hospitali, usisubiri siku ya kutoa nyuzi ifike.

Kwa hiyo ninunue au nisinunue? Nunua, lakini uipeleke kwa musawo. Hospitali na vituo vya serikali Uganda viliondoa ada ya kutibiwa 2001, kwa hiyo kutolewa nyuzi Health Centre III, yaani kituo cha afya cha serikali cha ngazi ya tatu, hakutakiwi kuwa na malipo, ila ukifika wakati mwingine vifaa vimeisha unaambiwa katafute, na hapo ndipo hii pakiti inalipa, unamkabidhi ikiwa imefungwa anaifungua mbele yako. Kutoa nyuzi mwenyewe sikushauri, hasa uso, karibu na jicho, kiungo, mtoto mdogo au mwenye sukari. Kiwembe kikishatumika mpe musawo akitupe kwenye kisanduku chao cha sindano, kwenye takataka za mtaa kuna watoto wanaookota chupa.

Kitu kinachokosekana humo ni zile plasta nyembamba za kushikilia ngozi. Nyuzi zikitoka watu wanadhani kazi imeisha, kumbe kwa wiki 2 ngozi bado ni dhaifu sana, mdogo wangu alitaka kurudi kupiga kiki pikipiki siku ileile, nesi akakataa akambandika hizo plasta kutoka kwenye mkoba wake. Wakiziongeza na wakaweka kibano cha chuma hata kwa elfu kumi na mbili nitanunua tena.