Sounds of Sisso: nimelipia kwa kadi kelele za uswahilini kwetu

Nyota nne kati ya tano. Ile moja niliyoibakiza nitaieleza huko chini, lakini niseme mapema: kama wewe ni mtu wa muziki laini wa kusikiliza huku unapiga pasi, albamu hii itakukera kabla wimbo wa kwanza haujaisha.

Sounds of Sisso ni mkusanyiko wa singeli, ule muziki wa mbio wa mitaa ya uswahilini Dar, uliotoka 2017 kupitia Nyege Nyege Tapes, lebo ya Kampala yenye undugu na lile tamasha la Nyege Nyege lililoanzia Jinja. Kampala ndiko ilikotolewa tu. Muziki wenyewe umepikwa Mburahati, Dar es Salaam, studio kwa prodyuza Sisso, na humo ndani utakutana na kina Bamba Pana, Makaveli na Dogo Niga. Kama singeli yako ni ile ya waimbaji kina Msaga Sumu na Man Fongo, yenye kiitikio ambacho ukumbi mzima wa harusi unakijua, hapa utapotea kidogo. Hii ni singeli ya jikoni, haijapambwa kwa ajili ya redio.

Mimi nina ugonjwa wa vitu vya ajabu ajabu tangu utotoni. Nilikuwa nasoma katuni za jarida la Sani mpaka karatasi zinachanika, na mashetani ya mchoraji George Lilanga, yale yenye masikio makubwa na midomo inayoning'inia, hadi leo nikiyaona ukutani kwa mtu nasahau nilichomfuata. Kwenye muziki nilianza na mchiriku: vinanda vidogo vya Casio vilivyounganishwa kwenye spika kuukuu, mwimbaji anapayuka, ngoma zinagombana. Wabelgiji wa Crammed Discs walipotoa albamu ya Jagwa Music mwaka 2012 nilishangaa kwamba kumbe kuna watu Ulaya wanaununua muziki ambao nyumbani mama alikuwa akiufungia dirisha.

Utaniuliza, mtu wa Dar unanunuaje singeli kwa dola wakati jirani anakupigia bure mpaka alfajiri? Jibu liko kwenye memori kadi yangu ya zamani. Nyimbo zilizojazwa pale kwenye kibanda cha kujaza nyimbo, jina la faili ni namba tupu. Katikati ya wimbo DJ anajitangaza na kutaja namba yake ya simu, halafu anarudi tena kujitangaza kama vile hukumsikia. Besi imeshapasuka kwa kurushwa kutoka simu hadi simu. Kapiga nani, kaimba nani, umuulize nani? Nilitaka kwa mara moja niusikie huu muziki ukiwa mzima, na jina la mwenye nao likiwa limeandikwa.

Nilinunua Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni. Kadi ya benki yangu ilikataa bila maelezo, nikatumia ile kadi ya mtandaoni ya kwenye simu, ikapita. Uzuri wa pale ni kwamba unausikiliza kabla hujatoa hela, na ukishalipa unachagua mwenyewe upakue MP3 au FLAC, faili kubwa lisilopunguza chochote kwenye sauti. FLAC ni tamu lakini inakula bando vibaya sana, nikasubiri waifai ya kazini (bosi akisoma hapa, anisamehe). Kwenye mauzo ya kidijitali Bandcamp wanakata asilimia 15, kinachobaki kinaelekea kwa lebo na wasanii ukiondoa makato ya malipo. Kwa wimbo niliojaziwa kibandani, Mburahati haikupata hata shilingi.

Sasa tuje kwenye sauti. Kasi ndiyo habari yenyewe. Bongo Fleva nyingi zinatembea mapigo 100 hivi kwa dakika, singeli inaanzia karibu 200 na zipo zinazoigusa 300. Prodyuza anachukua kipande kifupi, mara nyingi cha taarabu au cha kinanda cha mchiriku, anakikata, anakizungusha na kukikimbiza mpaka sauti inapanda na kuwa nyembamba. Fidla iliyokuwa ikilia kwa madaha inageuka mbu. Chini yake ngoma za kompyuta hazina mapumziko.

Dakika za mwanzo sikio linashika ngoma peke yake na unahisi umeonewa. Vumilia. Baadaye unaanza kugundua kwamba kile kipande hakijirudii hivihivi: kinakatwa nusu, kinanyamazishwa kwa pigo moja, kinaachiwa tena kikiwa kimesogezwa kidogo, na hapo ndipo shingo inapoanza kwenda yenyewe. Mimi wa umri wangu nacheza kwa nusu ya kasi, pigo moja naliruka. Vijana wa mtaani wanayafuata yote kwa miguu, sijui goti lao limetengenezwa na nini.

Aliyenishika zaidi ni Bamba Pana. Ana ukaidi fulani, anaacha kitu kizunguke mpaka unaitazama simu kuhakikisha haijakwama, na ukishakata tamaa ndipo anakibadilisha. Makaveli naye akishika maiki maneno yanamwagika bila koma. Unamsubiri avute pumzi, havuti.

Usisikilizie kwenye spika ya simu, utabaki na ile milio ya juu tu na utaniona mwongo. Tafuta sabufa au hedifoni zinazoziba masikio. Nilipoifungulia sebuleni kwa mara ya kwanza mke wangu alitoka jikoni na mwiko mkononi: "Baba, hii umelipia hela?" Mdogo wangu, ambaye hasikilizi kitu kingine, yeye alitaka tu kujua kwa nini haina sauti ya DJ katikati. Alidhani nimeibiwa.

Na kwa kweli hapo mdogo wangu aligusa penyewe, kwenye ile nyota ninayoidai. Singeli ya kigodoro, ile sherehe ya mtaani ya kukesha, ina watu ndani yake. Emsii anamtaja mama mwenye shughuli, anamrushia kijembe jirani, anamsalimia kijana wa bajaji aliyepaki pembeni, watu wanaitikia na kutunza. Nusu ya utamu iko mdomoni. Kwenye mkusanyiko huu mdomo upo, ila kipaumbele ni mashine, na naelewa sababu: msikilizaji wa Berlin haelewi mafumbo, anachotaka ni ile kasi, anaiita muziki wa kielektroniki wa kesho na anacheza kwa raha zake. Sisi wenye Kiswahili tunataka pia kujua nani kachambwa. Tena ukiisikiliza albamu yote kwa mkupuo mmoja inachosha. Mimi naichukua nyimbo tatu nne, nazima, nakunywa maji.

Ukishaizoea hii, njia imefunguka. Bamba Pana alitoa Poaa mwaka 2018, nayo imepangwa vizuri zaidi kwa sababu ni kichwa kimoja kinachofikiri. Jay Mitta alifuata na Tatizo Pesa mwaka 2019. Kama na wewe una kiu ya maneno kama mimi, nenda moja kwa moja Sounds of Pamoja ya 2021, iliyotoka studio kwa prodyuza Duke. Huko maemsii wamejaa na wanabishana kwelikweli. Mr Mixondo ya DJ Travella, ya 2022, inang'aa zaidi na nadhani ndiyo rahisi kumpa mtu ambaye hajawahi kuisikia singeli. Na mwaka 2024 Sisso mwenyewe alirudi na Maiko kwenye kinanda, albamu inaitwa Singeli Ya Maajabu. Hiyo nimeanza kuisikiliza juzi, kinanda kinacheka na kulia kwa wakati mmoja, nitaiandikia yake.

Kwa sasa, kwa Sounds of Sisso: nunua, chukua FLAC kama una waifai ya bure, na kama nyumbani kuna mtoto mchanga weka hedifoni.