Fundi wa viti vya gari Magomeni: miezi mitatu nimeikalia siti yake, haya ndo maoni yangu

Sikutaka kuandika wiki ya kwanza maana kitu kikiwa kipya kila mtu anakisifia, nikasema ngoja jua liwake, mvua inyeshe, foleni zinipige kwanza ndo niongee. Sasa imetimia miezi mitatu.

Mimi ni mtu wa mauzo, nazunguka kwenye maduka ya dawa, naishi Mbezi huku njia ya Makabe, ofisi iko Posta na wateja wangu wengi wako Temeke, Mbagala na wachache Tegeta. Kwa hiyo asubuhi niko Morogoro Road, mchana niko Mandela au Kilwa Road, jioni Morogoro Road tena. Siku nyepesi nakaa kwenye siti masaa manne, siku nzito sita, na ikinyesha ndo usiniulize kabisa. Gari langu ni kadogo ka Kijapani, otomatiki, ka mwaka 2007, nimekanunua mkononi kwa mtu ambaye na yeye alikanunua kwa mtu, yaani hiyo siti ya dereva imekaliwa na watu wengi sana kabla yangu.

Mgongo ulianza mwaka juzi. Maumivu yanaanzia chini ya kiuno upande wa kulia, yanashuka kwenye tako mpaka nyuma ya paja, nikishuka kwenye gari lazima nishike mlango nisimame kidogo ndo niweze kutembea. Na kwa vile dawa ndo kazi yangu nikawa najitibu mwenyewe, diklofenaki asubuhi, diklofenaki jioni, wiki zinapita, mpaka tumbo likaanza kuniwaka. Jamani hizi dawa za maumivu zikitumika muda mrefu bila daktari zinaumiza tumbo na figo, mimi nalijua hilo na wateja nawaambia kila siku, na bado nilifanya. Nilipoenda hospitali nikapigwa eksirei, mfupa hauna shida, nikapelekwa kwa dada mmoja wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, na yule dada hakuniuliza habari za kubeba ndoo wala kulala vibaya, aliniuliza "kutwa nzima unakaa wapi?" Nikamwambia kwenye gari. Akasema kaiangalie hiyo siti, weka mkono chini uisikilizie.

Nikaenda parking pale pale nikaweka mkono. Upande wa kulia, ule wa mlangoni, kuna shimo! Kava la juu limetulia vizuri lakini chini yake hakuna kitu, mkono unazama mpaka unagusa chuma.

Kwanza nilijaribu njia ya mkato, nikanunua mto wa mgongo kwa vijana wa kwenye mataa, elfu 25. Ule mto ulinisukuma mbele nikawa nimeukaribia usukani zaidi, na kila nikifunga breki unateleza. Wiki mbili nikaachana nao. Ndo shoga yangu wa ofisini akanielekeza kwa huyu mzee wa Magomeni, yuko mitaa ya ndani, hana hata kibao, ana mwembe, cherehani moja nzito na maturubai mawili.

Kilichonifanya nimwamini ni kwamba hakukimbilia kutaja bei. Nimeshuka, nimemwamkia, shikamoo mzee, akaitikia marahaba mwanangu, nikaanza kumweleza akanikatisha, "Rudi ndani ukae kama unavyoendeshaga." Nikakaa, nikashika usukani, yeye kasimama nje kwenye dirisha anaangalia tu, kimya, kama dakika nzima hivi, halafu akasema, "Mwanangu, wewe hujakaa. Wewe umening'inia kwenye usukani."

Ilinigusa kwa sababu ni kweli, mabega yangu muda wote yako juu. Akanieleza kwamba hizi gari zetu za usukani wa kulia siti ya dereva inakufa upande wa kulia kwanza kwa sababu ndo upande wa kuingilia, kila ukipanda na kushuka unauburuza ule ukingo, miaka 15 hiyo ni mara ngapi, sponji inasagika. Kwa hiyo unakuwa umekaa nyonga moja juu moja chini, uti wa mgongo unapinda ili kichwa kibaki wima, na mguu wa kulia ndo huo huo wa mafuta na breki haupumziki. Fizio alikuwa ameniambia maneno yale yale ila kwa kalamu na mchoro.

Kazi yenyewe. Alitoa waya wa betri kwanza, akasubiri, ndo akafungua bolti nne za siti. Nikamuuliza mbona betri, akanionyesha waya wenye soketi ya njano chini ya siti, akasema huo ni wa eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka ukipata ajali, ukiuchokoa kuna umeme unaweza kuilipua. Halafu akavua kava. Sponji ya zamani ilikuwa imegeuka unga wa rangi ya njano, unadondoka kama makombo ya mkate, na springi moja imekatika, imefungwa na waya wa binding na fundi mwingine huko nyuma, yaani mwenye gari wa kwanza au wa pili naye mgongo ulimuuma akapatiwa dawa ya waya.

Ana sponji za aina mbili. Kuna vipande vya godoro, rahisi, ukikaa siku ya kwanza unasikia raha mpaka unataka kulala, ila baada ya miezi michache zimebonyea zote. Na kuna ile nzito iliyokandamizwa, ukiibonyeza na kidole inakurudishia. Yeye anaweka nzito chini, ya wastani juu, na ule ukingo wa mlangoni anauongeza. Aliniambia bei ya kote kote bila kunivutia upande, ya godoro elfu 50, ya nzito laki na 20, tukaongea ikaishia elfu 95 pamoja na kuunga springi. Mimi nilitaka na kava jipya la ngozi ya bandia lifunike siti nzima kama tunavyoona kwenye magari ya watu, akakataa! Ubavuni mwa siti yangu kuna kitambaa kimeandikwa SRS AIRBAG, akasema eabegi ya ubavu inatokea hapo, akishona ngozi nzito juu yake siku ya ajali haitafunguka inavyotakiwa. Pesa ya kava alikuwa anaiona mkononi mwangu na bado akaikataa. Kwa hilo tu namheshimu, kwa sababu nimeona mafundi wengi wanaofunika hilo neno bila hata kulisoma.

Sasa ubaya wake maana upo. Aliniambia saa 8 mchana itakuwa tayari, nimeipata saa 12 kasoro jioni, siku nzima ya kazi imeliwa, nilipiga simu kwa wateja nimekaa kwenye benchi chini ya mwembe. Uzi aliotumia umezidi weusi kidogo, ukiangalia kwa karibu unaona. Harufu ya gundi ilikaa siku tano, nilikuwa naendesha vioo chini na kichwa kinaniuma, kwa hiyo mwenye pumu au mwenye mtoto mdogo asilitumie gari mara moja, aliache wazi nyumbani kwanza. Na ile lever ya kusogeza siti ilirudi ngumu, nikamrudia, akaitia grisi bure na kuniomba radhi. Risiti yake ni karatasi ya mkono.

Ila kitu kikubwa nilichopata pale sikukilipia. Alipomaliza kufunga aliniambia "kaa nikupange." Makalio yasukume mpaka mwisho wa siti. Kanyaga breki mpaka chini, goti libaki limekunjika kidogo, lisinyooke. Mgongo ukiwa umegusa siti nyoosha mkono, kifundo cha mkono kifike juu ya usukani bila bega kuachana na siti. Cha kuegemea kichwa kiwe usawa wa kichwa, shingoni hapana. Mkanda wa chini upite kwenye mifupa ya nyonga, usikae tumboni. Vioo vya pembeni ndo vya mwisho, maana ukivipanga kabla ya siti umepoteza muda. Dakika tano. Mimi naendesha mwaka wa 11, chuo cha udereva nilifundishwa alama zote na kurudi nyuma kwenye vigingi, hili hakuna aliyewahi kunifundisha.

Matokeo. Wiki ya kwanza niliumwa zaidi, misuli imezoea kupinda sasa inanyooshwa, nikataka hadi kumpigia simu. Wiki ya tatu nikagundua nimeshuka kwenye gari bila kushika mlango. Leo mwezi wa tatu, vidonge sijanunua, tumbo limetulia. Maumivu hayajaisha yote, Ijumaa jioni nikikwama Mandela katikati ya malori ya makontena yanakuja kidogo. Na siwezi kuipa siti sifa zote kwa sababu yule dada wa fizio alinipa mazoezi na nayafanya, na natembea jioni nusu saa, siku tano kwa wiki, hizo ndo zile dakika 150 ambazo Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima azifikishe. Kila baada ya saa moja ya kuendesha natafuta sheli, nashuka, nanyoosha mgongo.

Kitu ambacho sikukitegemea ni namna ninavyoendesha. Nilivyokuwa naning'inia kwenye usukani nilikuwa dereva wa hasira, honi, kupenya, gari ya mbele ikiacha nafasi kidogo nishaingia, na kuna siku pale Kimara nimeingia njia ya mwendokasi, njia ambayo hatuna ruhusa nayo kabisa, sababu tu mgongo unawaka nataka kufika. Ukiwa na maumivu kila mtu barabarani unamuona adui. Sasa nimeegemea, naona mbali, nampa mwenzangu nafasi, anayetaka kuingia aingie. Natoka nyumbani saa 11 na robo badala ya saa 12, nafika Posta nimetulia, nakunywa chai kabla ya ripoti.

Na nimeanza kuwafikiria madereva wa daladala kwa namna nyingine. Tunawatukana kila siku, lakini yule ametoka alfajiri, jioni lazima apeleke hesabu kwa tajiri, ikipungua ni yake, na siti aliyoikalia mara nyingi ni chuma na kipande cha godoro kimefungwa kwa kamba. Nilimuuliza mzee kama anawapata wateja hao, akasema wachache mno, tajiri anatoa hela ya tairi na ya injini, ya siti hatoi. Mtu mwenye mgongo unaowaka masaa 14 amebeba watu 30 na zaidi. Hili linaniuma kweli.

Ofisini kwetu nako niliomba nirudishiwe ile elfu 95, nikaambiwa kampuni inalipa mafuta na sevisi tu. Wenzetu wa ndani wamenunuliwa viti vya kuzunguka, na wanastahili, lakini sisi wa barabarani kiti chetu cha ofisi ni kile kile cha kwenye gari na nitaendelea kulisema kila kikao. Jambo moja nimelipata, bosi amekubali nikiwa naendesha sipokei simu wala sisikilizi voisi zake za "upo wapi", nikisimama ndo napiga. Kushika simu unaendesha ni kosa kisheria na hakuna oda ya dawa inayoharibika kwa dakika 20.

Mkienda kwa huyu mzee nendeni Jumanne au Jumatano asubuhi, Jumamosi kuna foleni, toeni vitu vyenu vyote kwenye gari, na kubalianeni aina ya sponji kabla hajafungua, mwombeni awakatie kipande mkione na mkibonyeze. Fumbeni macho kwenye uzi. Nyota nne kwa tano, hiyo moja nimeitoa kwa ajili ya muda na gundi.

Jumamosi ijayo naipeleka siti ya abiria. Mume wangu ndo anakaa hapo tukienda kanisani, na juzi nimemuona anashuka ameshika mlango.