Nilivyopanda Liemba na babu, na yule kijana wa tiketi

Kwa wakala yule wa Kigoma sikati tiketi tena, hata anipe bure. Nimeanza na hilo ili mwenye haraka asome aondoke.

Ni miaka kadhaa sasa, kabla Liemba, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, haijasimama kwa matengenezo. Nilimkatia babu daraja la kwanza, Kigoma hadi Kasanga. Babu alipigana Vita vya Kagera, na siku zote alisema hafi kabla hajapanda meli iliyopigana vita kubwa kuliko yake, Vita Kuu ya Kwanza. Basi akavaa kaunda suti, medali kifuani, na miguuni katambuga za tairi, maana viatu vinambana.

Getini, kijana wa wakala hata shikamoo hakutoa. Alimtazama babu miguuni, akasema, "Mzee, daraja la tatu kule chini, usizibe njia." Nikamwonyesha tiketi. Akasema chumba kimeshapewa mtu mwingine. "Si mwanajeshi huyu? Atalala popote." Sababu ya kumpiga nilikuwa nayo. Nia nilikuwa nayo. Uwezo ndio babu aliushika mkono: "Acha, mjukuu wangu. Twende tukaione meli."

Tukashuka chini, katikati ya magunia na watoto wanaolia. Mimi nimenuna, babu anapapasa ribiti za ukutani kwa kidole gumba, moja moja, kama anakagua vifungo vya gwanda la kuruta. Jua linazama tukapita usawa wa mdomo wa Mto Malagarasi, nikamsimulia: Wajerumani waliiunda meli hii kwao, mjini Papenburg, mwaka 1913, wakaifumua vipande vipande, ikaletwa kwa makasha mpaka Kigoma, ikaingia majini 1915. Mwaka uliofuata, vita vikiwabana, wakaizamisha wenyewe maeneo haya haya, ila kwanza waliipaka mashine grisi nzito, wakitumaini kuirudia. Waliofaidi ni Waingereza: wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Habari ya grisi ilimchekesha babu mpaka akakohoa. "Huyo ndiye askari. Hata akikimbia, silaha haachi ishike kutu."

Usiku wa manane honi ikalia. Tumefika Lagosa, na wakati huo hakukuwa na gati. Boti za kijijini zikaja gizani, watu wakaparamia mlango wa ubavuni na kuku na ndoo zao. Babu alikuwa ameshafika pale, sijui saa ngapi. Mama mmoja akainua mtoto juu, babu akampokea, akambeba begani mpaka mama akapanda. Mtoto akawa anaivuta ile medali.

Tungekuwa daraja la kwanza, saa hizo tungekuwa tunakoroma. Kwa hiyo labda yule kijana alitufanyia hisani? Nilifika mpaka hapo, nikamkumbuka anavyomtazama babu miguuni, nikaghairi.

Tofauti ya nauli naidai mpaka leo. Babu anasema nimsamehe. Mimi nasema arudishe hela kwanza, na shikamoo juu yake.