Spika za wati 300, sauti ya kunong'ona

Nyota moja, tena kwa shingo upande. Spika hizi za mlangoni zimefungwa kwenye lori lenye redio tupu, bila amplifaya ya pembeni ya kukuza sauti, na zina sauti ndogo kuliko zile kuukuu za kiwandani zilizokuwa zimechanika ukingoni. Boksi linang'aa, sumaku nzito kama jiwe la kusagia, lakini injini ikishawaka, taarifa ya habari husikii.

Kilichonichefua zaidi ni muuzaji. Swali langu lilikuwa moja tu: desibeli ngapi kwa wati 1, yaani ukiipa wati moja inatoa sauti kubwa kiasi gani? Akanijibu, "Mzee, wewe endesha lori, mambo ya spika tuachie sisi. Wati 300 hizo, huoni?" Nilipomkazania akasema zinapita 90. Kijikaratasi kilichofichwa chini ya sponji ndani ya boksi kinasema 86! Nilipomrudishia, jibu likawa kwamba boksi limeshafunguliwa. Sasa kijikaratasi kilicho ndani ningekisomaje bila kufungua?

Wati 300 ni mzigo ambao spika inaweza kuuhimili kwa kufumba na kufumbua, si sauti inayotoa. Redio iliyoandikwa 50 x 4 hutoa wati 15 hadi 20 hivi kwa kila spika kabla haijaanza kukwaruza. Huna nyingine zaidi ya hizo, kwa hiyo kinachoamua ni spika inazigeuza vipi kuwa sauti. Kila desibeli 3 zinazopungua hudai wati maradufu. Spika ya 86 inataka wati 60 ili ifike pale ambapo ya 92 inafika kwa wati 15, na redio haina wati 60 hata uikamue vipi. Ukizidi kuikamua, mawimbi ya sauti yanakatwa vichwa, na twita, kile kispika cha sauti nyembamba, ndiyo huungua kwanza.

Hata namba ya desibeli yenyewe huchezewa. Angalia kama imepimwa kwa wati 1 au kwa volti 2.83. Kwenye spika ya omu 4 (omu ni ukinzani wake kwa umeme), volti 2.83 ni wati 2, basi 90 yao ni 87 tu. Wapo pia watakaokusukumia ya omu 2 eti "inavuta zaidi". Inavuta kweli, mpaka redio iliyotengenezwa kwa omu 4 inachemka na kujizima.

Nisiwaonee lakini. Spika zenyewe si takataka. Koni, ile sehemu inayotikisika kutoa sauti, ikiwa nzito na yenye ukingo mnene wa mpira, imeundwa kufanya kazi na amplifaya. Ipe wati 60 safi uone itakavyoimba. Redio tupu inataka koni nyepesi na kipimo cha 90 kwenda juu, kwa wati 1 halali.

Na mtu asiseme zimefungwa ovyo. Matundu ya bati la ndani la mlango yamezibwa kwa utepe wa butili, maana sauti ya nyuma ya koni ikivujia mbele hufuta besi. Polariti, yaani upande wa chanya na wa hasi, imepimwa kwa betri ya volti 1.5: chanya kwa chanya, koni isukume nje, milango yote miwili. Mmoja ukienda kinyume, besi inayeyuka. Redioni, besi imekatwa chini ya hezi 80, zile sauti nzito kabisa, ili wati chache zisipotelee huko. Redio isiyo na mpangilio huo, weka kapasita ya mikrofaradi 470 isiyo na chanya wala hasi kwenye waya mmoja wa kila spika, kwa omu 4 itakata karibu na hezi 85. Waya hasi wa spika usiuunge kwenye bodi ya gari, utaua redio. Kina cha mlango nacho kimepimwa kioo kikiwa kimeshushwa chini kabisa. Sumaku ile ingekigonga, ikabidi ringi ya kuinulia spika.

Baada ya yote hayo besi imekaza kidogo, sauti za watu zinasikika vizuri gari likisimama. Basi nyota mbili, ile ya pili kwa ajili ya ringi ya sponji waliyoweka bure ndani ya boksi.

Hapana. Ringi hiyo ya sponji ni ndogo kuliko fremu ya spika. Moja inawatosha.